Volkswagen Beetle inapokataa kuwaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu yaliyo hapa yanahusu Beetle za zamani: zile zenye injini nyuma, inayopozwa kwa hewa, za cc 1200 hadi 1600 na zenye kabureta moja ya Solex. Ni gari ambalo Afrika Mashariki imelifahamu tangu miaka ya 1950. Lilishinda mbio za Safari mwaka 1954, 1957 na 1962, na kwa kuwa kiwanda cha Puebla, Meksiko, kiliendelea kuliunda hadi Julai 2003, spea zake bado zinapatikana kwa urahisi kuliko za magari mengi ya rika lake. Pale jibu moja linapoegemea jingine, namba ya swali imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Gari limekataa kuwaka. Nianzie wapi?

Anza kwa kusikiliza. Ukizungusha ufunguo, hali huwa moja kati ya tatu: stata haizunguki kabisa, inazunguka kwa kujivuta, au inazunguka vizuri lakini moto haushiki. Hali mbili za kwanza ni za umeme wa betri na stata, na majibu yake yako kwenye maswali ya 4 hadi 7. Hali ya tatu ndiyo inayowasumbua wengi.

Injini hii inahitaji vitu vitatu tu: cheche inayokuja kwa wakati wake, petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi kinachofaa, na mgandamizo wa kutosha ndani ya silinda, ambao mafundi wengi huuita kompresheni. Vipime kwa mpangilio huohuo. Cheche inatangulia kwa sababu kuipima ni kazi ya dakika mbili na hakumwagiki petroli. Kompresheni inakuja mwisho kwa sababu haipotei kwa usiku mmoja: gari lililowaka jana jioni na kukataa leo asubuhi halijamaliza ringi za pistoni usingizini.

2. Ni vifaa gani vinavyotosha?

Taa ndogo ya majaribio ya volti 12 yenye waya mbili, filageji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi), bisibisi, spana ya plagi, spana namba 21 ya kuzungushia injini kwa nati ya puli ya dainamo, kipande cha msasa laini, na kitambaa kikavu. Multimita ikiwepo ni bora zaidi. Ndani ya gari weka akiba ya mkanda wa feni na ya vipuri vya distributa, kifaa kinachogawa cheche kwa plagi: pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itokee), kondensa (imeelezwa kwenye swali la 10) na rota (kipande kinachozunguka kupeleka cheche kwa kila plagi). Vyote vinaingia kwenye mfuko mmoja mdogo.

3. Kila fundi ninayemwita anakimbilia kabureta. Je, ndiyo mbaya kila mara?

Hapana. Kabureta huonewa kwa sababu iko juu, inaonekana, na ukiifungua hukosi uchafu wa kumwonyesha mwenye gari. Lakini kabureta huharibika taratibu, kwa miezi, na dalili zake huanza kuonekana mapema. Gari lililokuwa likienda vizuri na kuzima ghafla, kama taa iliyozimwa ukutani, mara nyingi limepoteza cheche. Lililoanza kwa kukohoa na kuvutavuta kabla ya kuzima, mara nyingi limekosa petroli. Usikubali kabureta ifunguliwe kabla ya kipimo cha swali la 8 kufanyika mbele yako.

## Betri na stata

4. Nikizungusha ufunguo nasikia "tik" moja tu. Tatizo ni nini?

Washa taa kubwa za mbele, kisha zungusha ufunguo huku mtu akiziangalia. Zikififia hadi karibu kuzima, betri imechoka au vichwa vyake vimeshika kutu. Zikibaki na mwanga uleule, umeme haufiki ndani ya stata.

Betri ya Beetle iko chini ya kiti cha nyuma, upande wa kulia. Fungua vichwa vyake, mwagia maji ya moto kuondoa ule unga mweupe au wa kijani, sugua mpaka madini yang'ae, kisha funga kwa nguvu. Kwa multimita, betri nzima iliyopumzika husoma karibu volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki na nusu ya chaji. Wakati stata inazunguka isishuke sana chini ya 9.6.

Kuna waya mmoja ambao husahaulika. Gia boksi imekaa juu ya mipira, kwa hiyo haigusani na bodi moja kwa moja, na umeme wote wa stata hurudi kwenye betri kupitia utepe wa waya uliosukwa unaounganisha gia boksi na bodi. Utepe huo ukioza, betri mpya haitakusaidia kitu. Kuujaribu, chukua waya mnene wa kuchajia, bana ncha moja kwenye chuma kisafi cha gia boksi na nyingine kwenye chuma cha bodi, kisha washa. Stata ikiamka kwa nguvu, umepata jibu kwa bei ya utepe mmoja.

5. Stata inazunguka lakini kwa kujivuta, hata betri ikiwa mpya. Kwa nini?

Kwanza fuata jibu la swali la 4 mpaka mwisho. Kisha angalia kama gari lako ni la volti 6. Nyingi zilizoundwa kabla ya 1967 ni za volti 6, na hizo zinahitaji waya wa betri mnene zaidi kuliko wa volti 12. Waya wa dukani uliouzwa kwa ajili ya gari dogo la kisasa utapata moto na kuinyima stata nguvu.

Kama hilo si tatizo, fikiria bushi. Kwenye stata za asili, ncha ya mhimili huzungukia ndani ya bushi ndogo ya shaba iliyomo kwenye ganda la gia boksi, si kwenye stata yenyewe. Bushi ikilika, mhimili hulala upande na kuanza kusugua sumaku. Watu hununua stata ya pili na ya tatu huku bushi ileile iliyolika ikibaki mahali pake. Ukibadilisha stata, badilisha na bushi siku hiyohiyo.

6. Asubuhi linawaka vizuri, lakini injini ikipata moto stata inagoma. Nikisubiri nusu saa inakubali. Kuna nini?

Umeme wa kuamsha stata husafiri kutoka betri hadi swichi ya ufunguo mbele, halafu unarudi nyuma kwa waya mwembamba hadi kwenye tamino (sehemu ya kufungia waya) namba 50 ya stata. Baada ya miaka 50, kila kiungo njiani kinapunguza umeme kidogo, na stata iliyopata joto inahitaji umeme mwingi zaidi kuliko iliyopoa. Pima volti kwenye tamino hiyo mtu akiwa ameshikilia ufunguo. Ukipata chini ya 9 au 10 hivi, fundi umeme aweke rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) karibu na stata ili ichukue umeme moja kwa moja kutoka waya mkubwa. Ni kazi ya saa moja. Isipotibika, rudi kwenye bushi ya swali la 5.

7. Je, naweza kulisukuma?

Ndiyo, na Beetle ni jepesi: watu wawili wanatosha. Washa swichi, weka gia ya pili, kanyaga klachi, na likishapata mwendo wa kukimbia, achia klachi ghafla. Likishawaka kwa kusukumwa usidhani limepona. Dainamo haichaji vya kutosha katika mwendo mdogo wa foleni.

## Cheche

8. Nitajuaje kama cheche ipo?

Chomoa waya mnene wa katikati kwenye kifuniko cha distributa, ule unaotoka kwenye koili (kifaa kinachokuza umeme wa betri uwe wa cheche). Ushike kwa koleo lenye mpini wa plastiki, ncha yake ikiwa milimita 6 hivi kutoka kwenye chuma cha injini na mbali na kabureta, kisha mtu azungushe stata. Cheche ya buluu inayopiga kwa sauti kavu ni nzima. Ya njano, nyembamba na yenye kusitasita ni dhaifu, na dhaifu chini ya mgandamizo wa silinda ni sawa na hakuna.

Isipokuwepo, chukua taa ya majaribio. Unganisha waya wake mmoja kwenye chuma cha injini na mwingine kwenye tamino namba 15 ya koili huku ufunguo ukiwa umewashwa. Isipowaka, umeme hauji kutoka mbele: tazama swichi na viungo vya waya mweusi. Ikiwaka, hamisha hadi tamino namba 1 na uzungushe stata. Taa inapaswa kuwaka na kuzima kwa kupokezana. Ikibaki inawaka tu, pointi hazifungi au zina uchafu. Ikibaki imezima, pointi hazifunguki, au kondensa imepiga shoti, au koili imekatika ndani.

Cheche ikitoka vizuri kwenye waya wa koili lakini haifiki kwenye plagi, kosa liko kwenye rota, kifuniko au waya za plagi. Kifuniko kitazamwe ndani kwa mwanga wa jua. Ufa wake huonekana kama unywele mweusi.

9. Pointi zinawekwaje, na kwa kipimo gani?

Kipimo ni milimita 0.4. Zungusha injini kwa spana namba 21 mpaka kisigino cha pointi kikae juu kabisa ya nundu ya mhimili wa distributa, legeza skrubu, ingiza filageji, rekebisha, kaza, kisha pima tena, kwa sababu kukaza hubadilisha kipimo. Paka grisi kidogo, kiasi cha punje ya mchele, kwenye nundu. Bila hiyo kisigino hulika, nafasi hupungua, na baada ya kilomita chache gari linaanza kuchoka bila sababu inayoonekana. Ukiwa njiani bila filageji, kadi ngumu ya biashara itakufikisha nyumbani.

Ukibadilisha nafasi ya pointi umebadilisha pia wakati wa cheche, kwa hiyo tegesha wakati baada ya pointi, kamwe si kabla. Distributa nyingi za bomba moja la vakyumu hutegeshwa nyuzi 7.5 kabla ya pistoni kufika juu. Lakini baadhi za mwanzoni mwa miaka ya 1970, zenye mabomba mawili, zilitakiwa nyuzi 5 baada ya pistoni kupita juu. Soma namba iliyochongwa kwenye distributa kabla ya kumwamini mtu yeyote anayetaja kipimo kimoja kwa Beetle zote.

10. Gari linakwenda vizuri kwa dakika 20, linazima ghafla, na likipoa linawaka kama halijawahi kuugua. Ni nini?

Shuku kondensa kwanza. Ni kikopo kidogo kilichofungwa kwa skrubu moja pembeni mwa distributa, na kazi yake ni kumeza umeme unaotaka kuruka pointi zinapofunguka, ili cheche ipatikane kwenye plagi na si kwenye pointi. Ikianza kufa, joto huikata na ubaridi huiunganisha.

Miaka kadhaa iliyopita Beetle yangu ilizima karibu na Makindu, mchana wa jua kali, tukielekea Mombasa. Fundi aliyeitwa alifungua kabureta, akapuliza jeti (vitundu vya kupitishia petroli) kwa mdomo, akaifunga, na gari likawaka kwa mguso mmoja; tukamlipa na kumshukuru. Kilomita kama 20 mbele likazima tena. Tulifungua kabureta wenyewe, tukapuliza, likawaka. Mara ya tatu, nikiwa nimekaa juu ya kopo la oili kwenye kivuli cha mgunga, ndipo nilipong'amua kwamba kilichokuwa kikiliponya gari si pumzi ya mtu yeyote bali ile nusu saa ya kupoa. Kondensa ya akiba ilikuwa kwenye sanduku la mbele muda wote.

Kuithibitisha, vua kifuniko cha distributa na rota gari likiwa limezima njiani, kisha mtu azungushe stata huku ukitazama pointi. Cheche kubwa nyeupe au za buluu zinazoruka kati ya pointi ni ushahidi wa kutosha. Pointi zinazoungua haraka, wiki chache baada ya kuwekwa mpya, nazo ni dalili yake. Ukikosa ya saizi yake, kondensa ya gari lolote la pointi inaweza kufungwa kwa nje kwa muda: waya wake kwenye tamino namba 1 ya koili, kopo lake kwenye chuma cha injini.

Koili nayo huweza kufanya hivyohivyo, ingawa kwa nadra. Ikibidi kuchagua cha kununua kwanza, nunua kondensa, na usiitupe ya zamani mpaka umehakikisha. Mpya nyingi zinazouzwa siku hizi ni hafifu kuliko iliyotoka kiwandani mwaka 1970.

11. Nimechomoa waya za plagi zote kwa pamoja na sasa sijui ipi inakwenda wapi. Nifanyeje?

Mpangilio wa kuwaka ni 1-4-3-2 na rota huzunguka kufuata mwelekeo wa mshale wa saa. Ukingo wa distributa una alama ndogo ya mfereji. Rota ikiielekea, hapo ndipo waya wa silinda ya 1. Silinda ya 1 iko kulia upande wa mbele wa gari, ya 2 kulia nyuma, ya 3 kushoto mbele na ya 4 kushoto nyuma. Kosa la kawaida ni kuhesabu ukiwa umesimama nyuma ya gari ukitazama injini na kuita upande ulio karibu nawe "mbele". Mbele ni kule liendako gari.

12. Mvua ikinyesha halitaki kuwaka. Kwa nini?

Kifuniko cha injini kina matundu ya hewa, na maji ya mvua hupita hapo hadi kwenye distributa na koili. Kausha kifuniko cha distributa ndani na nje, kausha waya, na ubadilishe vile vifuniko vya mpira kwenye ncha za waya vilivyopasuka.

## Petroli na kabureta

13. Nitajuaje kama petroli inafika?

Vua kifuniko cha hewa, injini ikiwa imezimwa, tazama ndani ya koo la kabureta na uvute mkono wa akseleta. Ukiona uzi wa petroli ukiruka, bakuli la kabureta lina mafuta na tatizo liko kwingine. Usipouona, chomoa mpira unaoingia kwenye kabureta, uingize kwenye chupa, chomoa waya wa katikati wa distributa na uuegeshe kwenye chuma cha injini, kisha zungusha stata. Petroli inapaswa kuja kwa mapigo yenye nguvu.

Isipokuja, rudi nyuma hatua kwa hatua: mpira uliopasuka unaonyonya hewa badala ya petroli, chujio lililojaa kutu ya tangi, halafu diaframu ya pampu. Na kwa Beetle za kabla ya mwaka 1962, ambazo hazikuwa na geji ya petroli bali mkono wa akiba karibu na miguu ya dereva, hakikisha kwanza kwamba tangi halijaisha. Si jambo la kuchekwa; limewakuta wengi waliozoea magari ya geji.

14. Nasikia harufu kali ya petroli na halitaki kuwaka. Limelewa?

Ndiyo, silinda zimejaa petroli mbichi. Kanyaga akseleta hadi chini na uishikilie hapo, usipampu, kisha zungusha stata kwa sekunde kama 10. Likianza kukohoa, endelea kushikilia mpaka lishike. Hali ikijirudia kila siku, sindano ya bakuli haifungi au choki (bamba linalopunguza hewa injini ikiwa baridi) imekwama ikiwa imefunga.

15. Linawaka vizuri lakini nikiondoa mguu kwenye akseleta linazima. Nianzie wapi?

Washa ufunguo bila kuwasha injini, na uchomoe kisha urudishe waya wa ile silinda ndogo ya umeme iliyo pembeni mwa kabureta, inayofungua na kufunga njia ya petroli ya mwendo wa chini. Lazima usikie mlio mdogo. Usiposikia, ama umeme haufiki ama yenyewe imekufa, na hakuna skrubu ya kabureta itakayokusaidia. Ikilia, safisha jeti ya mwendo wa chini, ambayo tundu lake ni dogo kiasi kwamba punje moja ya vumbi inatosha kuliziba.

Kisha tafuta hewa inayoingia isikotakiwa. Injini ikiunguruma, puliza dawa ya kusafishia kabureta, kidogokidogo, kwenye shina la kabureta, kwenye maungio ya mpira ya bomba la hewa na kwenye mhimili wa akseleta. Dawa hiyo inashika moto, kwa hiyo usipulize karibu na distributa wala bomba la moshi. Mlio ukibadilika, hewa inapita hapo. Mhimili wa akseleta uliolika ni ugonjwa wa uzee wa Solex. Dawa yake ni kuchongewa bushi mpya, si kununua kabureta ya bei rahisi inayofanana na ya asili kwa sura tu.

Choki ya Beetle nyingi hufunguka kwa joto la umeme. Isipopata umeme haifunguki, na gari litaenda kwa moshi mweusi muda wote.

16. Kwenye foleni ya Mombasa au Dar es Salaam linazima kwa joto. Je, ni kondensa tu?

Huenda ni petroli inayochemka ndani ya pampu na bomba lake kabla ya kufika kwenye kabureta. Kutofautisha ni rahisi ukitumia dakika ileile gari linapozima: pima cheche kwa njia ya swali la 8, kisha petroli kwa njia ya swali la 13. Kilichokosekana ndicho kilichozima. Ikiwa ni petroli, weka kitambaa chenye maji juu ya pampu, subiri, uendelee. Kwa kudumu, hakikisha bomba la petroli halilali juu ya chuma cha moto na mabati yote ya kupitishia hewa yapo (tazama swali la 20).

17. Petroli iliyochakachuliwa inafanya nini?

Mafuta ya taa yaliyochanganywa ndani ya petroli hufanya injini iwe ngumu kuwaka asubuhi, igonge kama inachapwa kokoto inapopanda mlima, na itoe moshi wenye harufu ya kibatari. Tanzania ilianza kuweka vinasaba (kemikali ya kuyatambulisha) kwenye mafuta mwaka 2010 na mwaka uliofuata ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili faida ya kuchakachua iishe. Kenya nayo mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Ukishuku, tonesha matone mawili kwenye karatasi nyeupe: petroli safi hukauka upesi bila doa, ya kuchakachuliwa huacha alama ya mafuta. Si kipimo cha maabara, lakini kimeniokoa.

18. Gari lilitegeshwa Mombasa; Nairobi linatoa moshi mweusi na halina nguvu. Limeharibika?

Halijaharibika. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta inaendelea kutoa petroli ileile kwa hewa pungufu. Plagi zitakuwa nyeusi na kavu kama masizi. Kwa anayeishi juu, jeti kuu ndogo kwa namba moja au mbili huleta nafuu kubwa. Kwa anayepita tu, vumilia. Lakini ukitegesha jeti kwa Nairobi kisha ukashuka pwani kwa mwendo wa kasi, mchanganyiko utakuwa na hewa nyingi mno na injini itapata moto. Rudisha jeti ya asili kabla ya safari.

## Inawaka, lakini haiko sawa

19. Injini inatetemeka kama inakosa silinda moja. Nitaijuaje?

Injini ikiunguruma, chomoa waya wa plagi moja baada ya mwingine kwa koleo lenye mpini wa plastiki. Ukichomoa na mlio usibadilike, hiyo ndiyo silinda isiyofanya kazi. Badilisha plagi yake na ya jirani; kosa likihama, ni plagi. Lisipohama, pima valvu injini ikiwa imepoa kabisa, ikiwezekana baada ya kulala usiku kucha: nafasi ni milimita 0.15 kwa injini nyingi za 1300 hadi 1600.

Ikiwa ni silinda ya 3, sikiliza kwa makini zaidi. Kwenye injini za kabla ya 1971, kipoza oili kilikaa mbele ya hewa inayokwenda kwenye silinda hiyo, kwa hiyo hupata moto kuliko wenzake na valvu yake ya kutolea moshi ndiyo huungua kwanza. Valvu ambayo nafasi yake inapungua kila unapoipima inavutika, na valvu inayovutika iko njiani kukatika. Usiendelee kuirekebisha, fungua hedi (kichwa cha silinda).

Kwa kompresheni, psi 100 kwenda juu, silinda zote zikikaribiana, ni hali njema. Silinda iliyo chini sana itiwe kijiko cha oili kupitia tundu la plagi, kisha ipimwe tena. Ikipanda, ni ringi; isipopanda, ni valvu.

20. Taa nyekundu ya chaji imewaka nikiwa barabarani. Naweza kufika nyumbani?

Simama kwanza. Katika magari mengine taa hiyo ni habari ya betri tu, lakini kwenye Beetle mkanda unaozungusha dainamo ndio huohuo unaozungusha feni ya kupoza injini. Mkanda ukikatika, injini haina upepo hata chembe, na haina maji ya kuchemka yakakuonya. Mkanda ukiwa mzima na umekaza (ukiubonyeza kwa kidole gumba ushuke kama milimita 15), basi ni dainamo, na unaweza kuendelea mchana kwa uangalifu.

Injini inayopata moto bila mkanda kukatika, tazama mabati yake. Mafundi wengi huyaondoa wakidhani wanaipa nafasi ya kupumua, kumbe wanairudishia hewa ya moto iliyokwisha kutumika. Mipira inayozunguka injini kuziba nafasi kati yake na bodi nayo ni sehemu ya mfumo wa kupoza, si pambo.

21. Oili inanuka petroli na imepanda juu ya alama. Kuna hatari?

Kubwa. Diaframu ya pampu imepasuka au sindano ya kabureta inavujisha, na petroli inateremka kwenye oili. Usiwashe injini. Rekebisha chanzo, mwaga oili yote, safisha wavu wake, weka mpya lita 2.5.

## Hali zisizo za kawaida

22. Nimerithi Beetle iliyosimama miaka kumi. Niiwashe tu?

Usifanye hivyo. Toa plagi, weka kijiko kimoja cha oili katika kila silinda, uache ilale siku moja au mbili, kisha zungusha kwa mkono kwa spana namba 21. Ikikataa, usilazimishe kwa stata. Ongeza oili na uipe muda. Mwaga petroli ya zamani, ambayo itakuwa imegeuka kama vanishi, fungua tangi utazame kutu, na ubadilishe mipira yote ya petroli hata ile inayoonekana mizima. Badilisha oili. Zungusha kwa stata bila plagi mpaka taa ya oili izime, ndipo urudishe plagi.

23. Puli ya chini inacheza mbele na nyuma nikiivuta. Ni kawaida?

Kuna mchezo mdogo unaoruhusiwa, karibu milimita 0.1, ambao mkono hauuhisi kwa urahisi. Ukiuona kwa macho na kusikia mlio wa kugonga, beringi kuu ya upande wa klachi imelika, na mara nyingi imekula ganda la injini. Hapo hakuna urekebishaji wa nje, injini inateremshwa. Muuzaji anayekuharakisha usiiguse puli hiyo anajua kwa nini.

24. Plagi imeruka kutoka kwenye hedi. Lazima ninunue hedi?

Si lazima. Hedi ni ya aluminiamu na uzi wake hukatika plagi zikifunguliwa injini ikiwa na moto au zikikazwa kupita kiasi. Karakana ya mashine inaweza kuchonga tundu upya na kuweka bushi ya uzi ya chuma. Kuanzia hapo, funga plagi kwa vidole mpaka zikae, kisha kaza kwa spana kidogo tu, injini ikiwa imepoa.

25. Kwa nini Beetle huungua moto, na nizuieje?

Sababu mbili zinajirudia. Ya kwanza ni ile bomba fupi ya shaba nyeupe inayoingiza petroli kwenye kabureta. Imeshindiliwa tu kwenye mwili wa kabureta, na ikilegea hutoka yenyewe na kumwaga petroli juu ya distributa. Ivute kwa mkono. Ikicheza, ichongewe uzi au ifungwe kwa waya. Chujio la petroli la plastiki lililoning'inizwa juu ya injini huongeza uzito unaoivuta, kwa hiyo lihamishie chini, karibu na gia boksi.

Ya pili ni betri. Springi za kiti cha nyuma zikikandamizwa na abiria mzito zinaweza kugusa kichwa cha betri, hasa betri ndefu kuliko ya asili, na majani ya ndani ya kiti hushika moto mara moja. Weka kifuniko cha plastiki au kipande cha mpira mnene juu ya betri kabla ya kurudisha kiti. Ganda la injini ni la aloi ya magnesiamu, ambayo ikishika moto huchachamaa zaidi ikimwagiwa maji. Beba kizimamoto cha unga, na kikae mbele karibu na dereva, si kwenye chumba cha injini.